Gari la Jamaa Nzima: Tutazame Nini Kabla ya Kulinunua



Unapoingia Mfunguo Sita na maulidi yakaanza kuitana kutoka Mambrui hadi Lamu, au shule zinapofungwa na watoto wakadai kupelekwa kwa bibi, mazungumzo ya gari hurudi majumbani mwetu. Jamaa ya watu wanane haienei katika gari la viti vitano, na hilo halihitaji kuelezwa. Hata hivyo twaziona safari ambamo watoto wamepakatwa wawili wawili, mama amemkumbatia mchanga katika kiti cha mbele, na hapana hata mmoja wa watoto hao aliyefungwa mkanda. Breki moja ya ghafla njiani yatosha kuigeuza safari ya furaha kuwa msiba.

Ndipo watu wanapolitaja gari la safu tatu za viti: Noah, Voxy, Serena, Wish, Sienta. Kwa jamaa nyingi za Gongoni na vijiji vyake, bei ya gari kama hilo, hata likiwa limetumika, ndiyo gharama kubwa kuliko zote baada ya nyumba. Ni fedha za mavuno, za kiinua mgongo, za chama cha akina mama kilichochanga miaka. Likinunuliwa gari bovu, fedha hizo hazirudi, na gari lenyewe hugeuka mdai asiyelala.

Tumeona basi tuliandikie suala hili kwa utaratibu. Neno letu kubwa ni moja: gari la jamaa huchaguliwa kwa viti vyake, kwa hali ya chini yake na kwa usafi wa karatasi zake. Mng'aro wa rangi na upya wa namba ya usajili huja mwisho, na mara nyingi ndivyo vinavyotupoteza.

Je, twalihitaji?

Swali hili lafaa kuulizwa kabla ya dalali hajaitwa. Jamaa inayosafiri pamoja mara mbili kwa mwaka, Idi na harusi, huenda ikafaidika zaidi kwa kukodi gari na dereva kwa siku hizo. Gari likikaa uani hugharimu pia: bima hulipwa, betri hufa, tairi hukauka, na hewa yetu ya bahari haliachi salama.

Hali hubadilika pale nyumbani kuna mzee anayehudhuria kliniki Malindi kila wiki, au mgonjwa anayepelekwa Mombasa mara kwa mara, au watoto watano wanaosoma mbali. Jamaa kama hiyo na ikae chini na daftari, iandike safari za miezi mitatu iliyopita, iandike nauli zilizolipwa kwa matatu, tuktuk na bodaboda, kisha ilinganishe. Kutoka Gongoni hadi Mombasa na kurudi ni karibu kilomita 300. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja litatumia lita 30 katika safari hiyo. Tukichukulia, kwa mfano, lita moja kuwa shilingi 180, hiyo ni shilingi 5,400. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita litatumia lita 21 na kitu, yaani chini ya shilingi 3,900. Hesabu ya namna hii hufanywa na yeyote ashikaye fedha za matumizi ya nyumba, na mara nyingi huyo ni mama. Si haki basi aambiwe habari ya gari baada ya kulipwa.

Tuhesabu watu, kisha mizigo

Noah, ndugu yake Voxy, na Serena kwa kawaida hubeba watu wanane pamoja na dereva: wawili mbele, watatu katikati, watatu nyuma. Ziko zenye viti viwili vya kujitenga katikati, nazo hubeba saba. Wish, Isis na Sienta kwa kawaida ni za watu saba, na safu yao ya tatu ni finyu. Mtoto hukaa vyema, lakini mtu mzima atalalamikia magoti kabla ya kufika Kilifi.

La pili ni mlango. Noah, Voxy, Serena, Isis na Sienta zina milango ya nyuma ya kusukuma. Kwa mama aliyevaa buibui, ana mtoto mkono mmoja na kikapu mkono wa pili, mlango huo ni faraja kubwa, tena haugongi gari la jirani panapokuwa na msongamano. Wish ina milango ya kawaida na imekaa chini kidogo. Husafiri kwa utulivu barabarani, lakini kumwingiza bibi mwenye maumivu ya nyonga si kazi rahisi.

La tatu ni mizigo. Safu ya tatu ikikaliwa, nafasi ya nyuma hubaki ndogo mno. Jamaa ya watu wanane yenye mabegi, sufuria za harusi na gunia la nazi itahitaji kichanja juu ya paa, ama ikubali kuacha kitu. Mizigo isirundikwe nyuma ya vichwa vya watoto bila ya kufungwa. Gari likisimama ghafla, sufuria huwa jiwe.

Kwa hiyo twashauri siku ya kulitazama gari waende waliokusudiwa kulipanda. Bibi apande na ashuke. Mtoto mkubwa akae safu ya tatu. Kila mkanda uvutwe, ufungwe na ufunguliwe, hasa ile ya nyuma ambayo mara nyingi imezama chini ya viti au imekatwa. Gari la viti vinane lenye mikanda mitano ni gari la watu watano.

Magari yapatikanayo sokoni

Noah na Voxy ni gari moja kwa undani, tofauti ni sura. Zile zilizotengenezwa kuanzia 2001 hadi 2007 ndizo za bei nafuu. Nyingi zina injini ya lita mbili iitwayo D4, ambayo hutaka mafuta safi na fundi anayeijua. Ikipuuzwa hutetemeka, hukosa nguvu na kunywa mafuta. Zile za 2007 hadi 2014 zina injini nyingine, bado ya lita mbili, na giabox ya CVT isiyokuwa na hatua za gia. Giabox hii ni laini mno kuendesha, lakini hutaka oili yake maalumu. Aliyetia oili yoyote aliyoikuta dukani ameifupishia umri.

Serena hushindana na Noah kwa nafasi, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini zaidi. Nayo ina CVT, na hapo ndipo pa kuitazama kwa makini: gari likisitasita linapoondoka, au likivuma bila ya kuongeza mwendo kwenye kilima, tuliache. Ziko Serena zilizoongezewa mfumo mdogo wa umeme wa kusaidia injini. Anayezinunua aulize hali ya betri ya pili.

Sienta, yenye injini ya lita moja na nusu, ni rahisi kwa mafuta na vipuri, nayo yaifaa jamaa ya watoto wadogo. Wish hupatikana kwa injini ya 1.8 au 2.0. Isis ina upande wa kushoto usiokuwa na nguzo katikati ya milango, hivyo mlango wake hufunguka kwa upana mkubwa. Mwenye kumbeba mgonjwa au kiti cha magurudumu na alitazame gari hili.

Jina pekee halitoshi. Noah iliyochoka ni mbaya kuliko Serena iliyotunzwa, na gari la miaka mingi lenye daftari la matengenezo ni bora kuliko la juzi lisilojulikana lilikotoka.

Tuagize au tununue la hapa?

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Kwa mwaka 2025, kwa mfano, gari liliruhusiwa kama lilisajiliwa mara ya kwanza 2018 na kuendelea. Maana yake ni kwamba zile Noah za bei nafuu za kabla ya 2014 haziagizwi tena. Zilizopo ni zile zilizokwisha kuingia nchini.

Anayeagiza na ajue kwamba bei anayoonyeshwa na muuzaji wa Japani si bei ya gari likiwa uani kwake. Bandarini Mombasa kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ada za uagizaji na tozo ya reli, kisha gharama za wakala. Tena mamlaka ya kodi hukokotoa kutokana na orodha yake ya bei za magari, ikipunguza kwa kadiri ya umri. Haitazami risiti ya mnunuzi peke yake. Jamaa nyingi hukwama hapa, gari likawa bandarini na fedha zimekwisha.

Kwa wenye uwezo wa wastani, gari lililokwisha tumika Kenya ndilo la karibu. Ila herufi za namba ya usajili zisitudanganye. Gari lenye KCA halikutengenezwa wakati namba hizo zilipotolewa. Laweza kuwa limeshatembea Japani miaka saba kabla ya hapo. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa katika hati ya umiliki, na huo ndio wa kuuliza.

Tuulize pia kazi yake ya zamani. Magari ya viti saba na vinane hutumika sana kubeba abiria wa kulipa, hadi Tanzania jina Noah limekuwa kama jina la usafiri wenyewe. Gari lililofanya kazi hiyo huonekana: reli ya mlango imelika na mlango unaning'inia, viti vimezama, sakafu ina matundu ya viti vilivyoongezwa, na zulia la nyuma limechakaa kuliko la mbele. Mileji iliyoandikwa 80,000 katika gari lenye pedali zilizolika hadi chuma si ya kusadikiwa.

Adui yetu ni chumvi

Wenyeji wa Gongoni hawahitaji kufundishwa habari za chumvi. Mashamba ya chumvi yako mlangoni petu, upepo wa kusi na kaskazi huibeba, na bati la nyumba hutueleza matokeo yake. Gari nalo huliwa vivyo hivyo, ila huliwa kuanzia chini, mahali pasipoonekana.

Hata gari lililotoka Japani moja kwa moja laweza kuwa na kutu, kwani katika mikoa ya theluji barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Kwa hiyo gari lipandishwe juu kwa fundi, tena litazamwe kwa tochi: kingo za chini ya milango, njia za milango ya kusukuma, mikono ya springi za nyuma, mabomba ya breki na bomba la moshi. Kutu ya juujuu husuguliwa na kupakwa rangi. Kutu inayobonyea kwa bisibisi, au rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari siku chache kabla ya kuuzwa, ni sababu ya kuondoka. Sumaku ndogo nayo husaidia: isiposhika kwenye mwili wa gari ambapo panapaswa kuwa na chuma, hapo pamejazwa na kupakwa rangi.

Adui wa pili ni maji ya mafuriko. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilikata barabara ya Mombasa na Malindi pale Mbogolo, na nchini kote magari mengi yalizama. Gari lililozama huoshwa likang'aa, lakini likiinuliwa zulia hutoa harufu ya uvundo, matope hubaki chini ya reli za viti, na mikanda ikivutwa mpaka mwisho huonyesha mstari wa maji.

Baada ya kununua, gari lioshwe chini kila baada ya majuma machache kwa maji ya mfereji au ya mvua. Maji ya kisima yenye chumvi hayaondoi chumvi, huiongeza.

Siku ya kulijaribu

Tulitazame adhuhuri, jua likiwa kali, na injini ikutwe baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto huenda anaficha jinsi inavyowaka. Liwashwe, kiyoyozi kifunguliwe, lisimame likinguruma dakika 20. Kipimo cha joto kisipande. Kiyoyozi kipoze mpaka safu ya nyuma, maana watoto watakaa huko. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Kifuniko cha oili kikiwa na utando mfano wa maziwa, maji yameingia mahali pasipo pake.

Kisha liendeshwe barabara mbovu na barabara nzuri, likiwa na watu. Gari lililojaribiwa na watu wawili halijajaribiwa. Tairi zisomwe ubavuni: tarakimu nne za mwisho huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi nne zilizozeeka ni gharama ya kupunguziwa bei.

Fundi awe wetu, tumlipe sisi, wala asiwe rafiki wa dalali. Ujira wake wa siku ni mdogo mno ukilinganishwa na injini.

Karatasi

Nambari ya chesisi iliyopigwa katika chuma ilingane na iliyo katika hati ya umiliki. Kitambulisho cha muuzaji kilingane na jina la hati hiyo. Kabla ya kulipa, taarifa za gari zitafutwe NTSA kupitia eCitizen, kwa ada isiyofika shilingi elfu moja. Zitaonyesha mwenye gari ni nani. Likiwa jina la benki limo, deni bado lipo. Tangu sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya 2017, liko pia daftari la serikali linaloonyesha mali iliyowekwa rehani, nalo litafutwe.

Mkataba uandikwe na ushuhudiwe, na malipo yapite benki. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho katika mfumo, na mnunuzi hukubali. Jambo hili lisiahirishwe: sheria ya barabara hairuhusu gari kutumika zaidi ya siku 14 baada ya kubadilisha mikono bila ya mwenye mpya kusajiliwa.

Hapa tuna neno kwa dada zetu. Mali ya mke ni yake katika sheria yetu, na fedha alizotoa katika gari, ziwe mkopo kwa mumewe, zawadi au ushirika, zapaswa kuandikwa zilivyo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni. Kuandika hakuondoi mapenzi; huondoa ugomvi siku ya mirathi au ya talaka, wakati ambapo hapana tena wa kuuliza.

Fedha bila ya riba

Jamaa yenye shilingi 900,000 isinunue gari la 900,000. Ikitafuta la 780,000, itabakiwa na 120,000 za uhamisho, bima, oili, tairi na lile lisilotarajiwa la mwezi wa kwanza. Gari linalomaliza akiba yote husimama kwa kukosa betri.

Mikopo ya kuweka rehani hati ya gari twaionya: pamoja na kuwa ni riba, faida zake hukua upesi, na gari huchukuliwa usiku. Tangu 2008 nchini mwetu zipo benki zinazofuata sharia, Gulf African Bank na ile iliyoanza kwa jina la First Community Bank, ambayo leo ni Premier Bank. Kwa murabaha, benki hulinunua gari kisha hukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Ulizeni kikomo cha umri wa gari wanalolikubali, kwani magari makuukuu mara nyingi hayaingii. Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima kisheria, na Takaful Insurance of Africa hutoa bima kwa njia ya takaful. Subira nayo ni mtaji: miezi minane ya kuchanga zaidi ni myepesi kuliko miaka minne ya deni.

Na anayeuza miongoni mwetu akumbuke kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta majimaji yaliyofichwa chini, akamkemea mwenye rundo. Gari lililopakwa rangi juu ya kutu ni rundo lilo hilo. Ukiijua kasoro, itaje. Bei itashuka, na baraka itabaki.

Likipatikana gari jema, lisipakiwe kupita viti vyake, hata jirani akibembeleza. Kila mtoto na afungwe mkanda, kisha isomwe dua ya safari. Mwenyezi Mungu azijaalie safari zenu ziwe za kheri, mwende salama na mrudi salama. Amin.